Koni Aliyoila Mama

Siku Ejoku alipokosa kurudi, mashine ya aiskrimu ilikuwa inanguruma tangu saa kumi.

Alikuwa amenipigia simu kutoka Tororo. Kelele zilikuwa nyingi nyuma yake, ikabidi nizibe sikio moja ndipo nimsikie.

"Nasa! Tumewamaliza!"

"Umefunga?"

"Kwani nani mwingine? Mwambie Wilkister awashe mashine. Leo tunakula ya mambo mawili. Ya ushindi na ya ile ingine."

"Ile ingine ipi?" nilimwuliza, ingawa nilijua. Nilitaka niisikie ikitoka mdomoni mwake.

"Usinichokoze mbele ya watu," akasema huku akicheka. "Siwangojei hawa, gari lao litapakia mpaka ngoma. Nachukua boda."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nachukua boda.

Duka la Wilkister lilikuwa Malaba, likitazama foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Mashine yake aliitoa Kampala, na alikuwa akiifuta kila saa kama mtu anayemfuta mtoto pua. Nilimwomba aanze kumimina, maana kutoka Tororo si mbali. Akakataa.

"Simimini mpaka nimwone kwa macho yangu. Ile siku alichelewa nilikula zote mbili mimi, meno yakaniuma mpaka Jumatano."

"Leo hachelewi."

"Mapenzi yenu yatanifilisi umeme," akasema, lakini alikuwa ameshapanga koni mbili juu ya kaunta, kando kando.

Aliyeingia alikuwa Omuse, kapteni wa timu. Alikuwa bado amevaa daluga, zikagonga sementi alipokuwa akija. Hakuniangalia.

"Wilkister, zima hiyo mashine."

"Kwani mmeshindwa?"

"Tumeshinda," Omuse akasema. "Zima tu, mama."

Wilkister akaizima. Sikuwa nimewahi kusikia lile duka likiwa kimya. Omuse akasema jambo kuhusu lori lililokwepa shimo, kuhusu boda, kuhusu upande wa barabara. Nilisikia kila neno. Nilikuwa naziangalia zile koni mbili tupu, na wazo lililonijia lilikuwa la kipumbavu: kwamba kesho ni Jumapili, na kondoo yuko tayari amefungwa kwao Chakol.

Kuhusu kondoo huyo nitaeleza. Lakini kwanza nieleze aiskrimu.

*

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi ya kuuza vitenge, mlango wa pili kutoka kwa Wilkister. Wiki nzima nilikaa Malaba, na Jumamosi jioni nilirudi kwetu Bukhayo kwa Mama. Ejoku alikuwa fundi wa tairi kwenye foleni ya malori. Nilikuwa nikimwona akipita na jeki begani, mrefu, mweusi wa kung'aa, akisalimia kila mtu kwa Kiteso hata wale wasiokijua. "Yoga! Yoga!" Nami nilikuwa nainamia vitambaa vyangu.

Jioni moja aliingia dukani na jezi iliyojaa tope. Mkono huu koni, mkono ule koni.

"Dada, shika hii upesi. Nimefunga goli na sina mtu wa kumwambia."

"Utachafua vitenge vya watu! Kwani timu yako haina watu?"

"Hao waliniona. Mimi nataka mtu ambaye hakuona, nimsimulie."

Nikaishika. Akanisimulia goli lile kutoka mwanzo, mpira ulivyotoka kwa kipa, ulivyomfikia Omuse, nani alianguka, nani alitukana. Alipofika mwisho, aiskrimu yake ilikuwa imemwagikia kiganja, naye hajaionja. Nilicheka. Akaniangalia, macho hayacheki tena.

"Sasa nitalazimika kufunga kila wiki," akasema.

Ndivyo ilivyoanza kuwa desturi yetu. Timu ikishinda, aiskrimu. Ikishindwa, hakuna, na Ejoku hupita ng'ambo ya barabara kichwa chini, ananiinulia mkono tu. Sikuhitaji kuuliza matokeo, niliyajua kwa upande wa barabara aliotumia.

Baadaye tukaongeza na mambo yetu mengine. Nilipokabidhiwa funguo za duka, tulikula. Alipopata leseni ya kuendesha malori, tulikula, na Omuse akaja kudai yake kwa sababu eti ndiye aliyemfundisha kurudi nyuma. Siku niliyomwambia ndiyo, tulikula ya stroberi. Wilkister akajifanya anafagia pahali ambapo alikuwa ameshafagia.

Mama hakutaka kusikia habari yake.

"Mpira ni kazi?" aliniuliza.

"Anatengeneza tairi, Mama. Mpira ni Jumamosi."

"Na tena ni Mteso."

"Wateso wana nini?"

"Wana kwao," Mama akasema. "Watakupeleka huko."

Jina la Mama ni Roselida. Baba alifariki nikiwa mdogo. Dada yangu Vivian aliolewa Uganda, huja Krismasi, na mwaka mwingine haji. Nyumba yetu ilikuwa na viti vingi, na Mama alikuwa akivifuta vyote kila Jumamosi ingawa tulikuwa wawili. Nilimwelewa. Kumwelewa hakukunisaidia.

Nikamletea picha ya Ejoku kwenye simu. Akageuza uso.

"Sitaki kuona mkwe kwenye simu. Na hata nje ya simu simtaki."

Msomaji ambaye si wa huku ajue hili. Kwetu Bukhayo, mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono. Hawali pamoja. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Ndiyo heshima yenyewe. Kwa Wateso pia ni hivyo. Hilo ndilo jambo ambalo Mama na Ejoku walikuwa nalo kwa pamoja kabla hawajaonana.

*

Fainali ya kombe ilichezwa Busia mjini, na timu yao Ejoku, ya Chakol, ikashinda. Mimi nilichelewa kufunga duka, nikafika kipenga cha mwisho kimeshapigwa na watu wamejaa uwanjani. Wilkister alikuwa ameleta sanduku lake la barafu juu ya pikipiki. Ejoku alikuwa amesimama kando ya hilo sanduku, jasho linamtiririka, akichukua koni kutoka kwa Wilkister na kumgawia yeyote aliyekuwa karibu. Wazee, wanawake wa sokoni, hata refa.

"Shika, boss! Shika, mzee! Dada, wewe uliwashangilia wapinzani wetu wa Ugenya, lakini shika tu!"

Nikawa nasukumana nimfikie. Ndipo nikaona kitambaa cha kichwa ninachokijua. Kile cha kanisani, cha rangi ya samawati. Mama alikuwa amesimama mbele yake na kikapu mkononi.

"Shika, mama! Ya ushindi hiyo!"

"Mimi sikucheza, mwanangu."

"Ulishangilia?"

"Nilipiga makofi kidogo."

"Basi umecheza. Shika kabla haijayeyuka."

Nilimwita Ejoku. Nilipaza sauti mpaka koo likauma, lakini ngoma zilikuwa zinalia. Mama akaipokea ile koni kutoka mkononi mwake, vidole vikagusana. Halafu akauliza, kwa upole ambao sikuwa nimeusikia kwake kwa miezi:

"Na wewe mwanangu, huli? Umekimbia hivyo na huli?"

"Nakula, mama, nakula!"

"Basi kula tukule pamoja."

Wakala. Ejoku akimsimulia goli, Mama akitikisa kichwa na kucheka pale pa kucheka. Juu ya ile koni Mama akainua macho akaniona mimi katikati ya watu. Hakuacha kula. Alikula mpaka kwenye ncha ya chini, ile ambayo watu wengi hutupa, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Asante, mwanangu."

"Karibu, mama!" Kisha Ejoku akaniona. "Nasa! Njoo umwone huyu mama, amenichekesha mpaka..."

"Ejoku," nikasema. "Huyo ni mama yangu."

Sijui nieleze vipi uso wake. Mkono wenye koni ulishuka taratibu, na ile nyeupe ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Kisha akafanya alilofunzwa tangu utotoni: akageuka haraka, akampa Mama mgongo. Alikuwa amechelewa. Na mgongoni, kwa herufi kubwa nyeupe, jezi ilikuwa imeandikwa EJOKU.

*

Mama alikuwa anachambua kunde nilipofika nyumbani. Sikuketi.

"Ulijua ni yeye."

"Jina liko mgongoni. Mimi si kipofu."

"Basi kwa nini ulikula?"

"Nilipewa."

"Mama!"

"Mtoto akinipa kitu nikatae? Nimekula naye. Nimemwita mwanangu, ameitika. Watu wameona." Alikuwa anavunja mabua ya kunde bila kuniangalia. "Sasa niambie wewe uliyesoma. Mtoto wangu ataoaje mtoto wangu?"

"Wewe hata aiskrimu huipendi. Meno yako ni mabovu."

"Yaliniuma sana," Mama akasema. "Nilikula hivyo hivyo."

Nikaanza kulia. Aliniacha nilie. Baadaye akasukuma kile kiti cha Vivian kwa mguu, kikanigusa goti, ishara kwamba niketi. Nikakataa kuketi.

Jumatatu Ejoku alikuja kwa Wilkister kabla sijafungua duka. Alikuwa ameenda kwa baba zake wadogo Chakol, na wao walikuwa wamecheka kwanza, halafu wakaacha kucheka.

"Wamesema nini?" nikamwuliza.

"Kuna njia. Tunapeleka kondoo kwenu. Mama yako anampokea akiwa amejifunika, hanioni, simwoni. Kondoo anachinjwa, na kule kula kwetu kunaisha. Inakuwa hatukuwahi kula."

"Basi mpelekeni kesho!"

"Lazima yeye akubali, Nasa. Akikataa kumpokea, hiyo ni nyama tu."

"Hatakubali. Humjui." Nilimshika mkono hapo hapo, Wilkister akiona. "Twende zetu. Tororo pale. Utatengeneza tairi huko, nitauza vitenge huko. Watatutafuta wachoke."

Akaufunika mkono wangu kwa wake. Viganja vyake vilikuwa na harufu ya mpira wa tairi, harufu ambayo nikiisikia barabarani mpaka leo husimama.

"Nikikutorosha, atakuwa amesema kweli," akasema. "Atasema, mnaona, si mkwe, ni mtoto mkorofi amemtorosha dada yake. Mimi nataka nikuoe wewe, na nijifiche, huyu mama asinione, maisha yangu yote."

"Hiyo ndiyo ndoto yako?" Wilkister akadakia. "Kujificha mama ya mtu asikuone?"

"Ndiyo," Ejoku akasema. Hakuwa anatania.

*

Akaanza kuja kwetu kila Jumapili baada ya misa. Haingii. Husimama nje ya ua, upande wa barabara, amevaa shati jeupe, ametupa mgongo kama inavyompasa mkwe. Na Mama, kila Jumapili, alimpakulia chakula kwa mkono wake na kukipeleka mpaka uani.

"Mwanangu! Njoo ule. Kuku huyo."

"Asante. Sijaskia njaa," Ejoku akiuambia mti wa ng'ambo.

"Mtoto gani anakataa chakula cha mama yake?"

"Mimi si mtoto. Mimi ni mkwe."

"Mbona unaniongelesha na mgongo?"

"Ndiyo heshima, mama mkwe."

"Usiniite hivyo. Ulinilisha Busia ukiniangalia machoni."

"Nilikosea. Mgongo ndio unaomba msamaha."

Majirani wakawa wanatoka na viti vyao kuwasikiliza. Wengine walikuwa upande wa Mama, wengine upande wa mgongo. Jua likimchoma Ejoku alisimama, na mvua ikimpiga alisimama. Mimi nilikuwa nimekatazwa kutoka. Nilichungulia kwenye upenyo wa dirisha, nikayajua mabega yake kuliko nilivyowahi kuujua uso wake. Nilijua anapochoka, kwa sababu bega la kushoto ndilo lililotangulia kushuka. Mama alirudi na sahani kila mara, akaketi, akala kile chakula peke yake mpaka kikaisha.

Siku moja nikamwambia, "Unaona raha?"

"Nani amekwambia naona raha?" akajibu, mdomo umejaa.

Kisha ikaja Jumapili ya mvua kubwa. Barabara ilikuwa mto. Mama akasema, "Leo haji." Alisema mara ya pili, na safari hii alikuwa amekwenda dirishani. Ejoku alikuwa pale. Shati jeupe limemgandia mwilini, mikono amekunja kifuani kwa baridi, mgongo umetuelekea.

Mama akapakua. Akafika mlangoni na sahani. Akasimama hapo.

Sijui aliona nini siku ile ambacho hakuwa amekiona siku nyingine. Niliisikia sahani ikiwekwa mezani. Alivuta leso yake kutoka kiunoni, akajifunika kichwa na nusu ya uso, akatokea mlango wa nyuma. Nikamfuata mbio. Alikuwa amechutama nyuma ya ghala la mahindi, mvua inamlowesha, mwanamke mzima amejificha kama msichana.

"Mama, unafanya nini?"

"Kuna mwanaume kwa ua," akasema kupitia leso. "Nasikia ni mkwe wangu. Mwambie asisimame mahali nitamwona. Na uwaambie watu wake wamlete huyo kondoo Jumapili ijayo, waache kunichosha."

Nilikimbia kwenye tope bila viatu.

"Ejoku! Amejificha!"

Hakugeuka. Aliogopa kugeuka. "Unasema ukweli?"

"Yuko nyuma ya ghala! Na leso kichwani!"

Hapo ndipo alipogeuka, na mimi ndimi niliyekuwa mbele yake. Alinibeba juu majirani wakipiga vigelegele. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, na sauti yake ilikuwa inatetemeka pia, sijui kama kwa baridi hiyo hiyo.

"Twende kwa Wilkister," nikamwambia. "Twende sasa hivi tukale."

"Jumapili amefunga, yuko kanisani."

"Tutamwamsha kwenye maombi!"

Akacheka, akanifuta mvua usoni kwa kidole gumba. "Ngoja, Nasa. Jumamosi tunacheza Tororo. Wacha nishinde kwanza. Hii nataka niile pamoja na ushindi, iwe kubwa."

Nilikubali. Tulikuwa na Jumamosi nyingi mbele yetu.

*

Siku ya mazishi, Mama alivaa kitambaa kile cha samawati na leso juu yake. Tulishuka Chakol, tukafuata watu mpaka bomani kwao. Maturubai yalikuwa yameshafungwa. Timu nzima ilikuwa imevaa jezi.

Mama hakuingia. Alisimama nje ya ua, akajifunika uso, akaligeuzia mgongo boma lote. Alisimama vile vile Ejoku alivyokuwa akisimama kwetu. Watu wakaanza kunong'onezana, na baada ya muda akatoka mwanamke mwembamba, mrefu, akitembea kwa fimbo. Nilimjua kwa mabega. Alikuwa Apeduno, mama yake Ejoku.

"Wewe ndiye Roselida?"

"Ndiye mimi, mama. Niache hapa hapa. Siwezi kuingia, mkwe wangu yumo ndani."

"Kondoo ulimpokea?"

"Alikuwa aletwe kesho yake."

"Hakuletwa. Yule pale, amefungwa." Kweli alikuwepo, nyuma ya jikoni, anakula majani ya ndizi.

"Nilikuwa nimekubali," Mama akasema. "Nilijificha. Huyu binti aliniona nikijificha."

"Kujificha kwako ameona binti yako," Apeduno akasema. "Kula kwako iliona Busia nzima."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali kama angesema kwa ukali, Mama angepata la kujibu.

"Nipeni huyo kondoo basi," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. "Nipeni sasa. Nitampokea hapa hapa nilipo. Nimejifunika, angalia."

"Nani atamleta kwako? Wa kumleta ndiye tunamzika."

"Mama Ejoku, nakuomba. Mimi nifukuze nirudi nyumbani. Huyu mtoto tu. Mpe nafasi ya mke. Alikuwa amekubaliwa."

Apeduno aliniangalia kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa ya Ejoku, na yalikuwa yamelia kila kilichokuwemo.

"Alikuwa anakutaja kila siku," akaniambia. "Wewe ni Nasa."

"Ndiyo, mama."

"Siwezi, mwanangu. Nikikukalisha pa mjane, nitakuwa nimemzika kijana wangu kama mtu aliyelala na dada yake. Utaniambia nimfanyie hivyo?"

Mimi nilitikisa kichwa.

Apeduno akamwendea Mama, akaishika ile leso, akaitoa usoni kwake polepole, kama mtu anayemvua mgonjwa nguo.

"Alirudi hapa siku ile amechanganyikiwa, akaniambia, kuna mama Bukhayo ameniita mwanangu. Basi njoo umlilie na sisi mama zake. Mikono ya kumlilia haijazidi."

Akamshika mkono akamwingiza. Mama alikwenda. Walimkalisha kwenye mkeka pamoja na wakina mama, karibu na kichwa cha jeneza, mahali ambapo mama mkwe hawezi kamwe kukaa. Akamwona Ejoku uso kwa uso, kwa mara ya pili. Kilio alichotoa kiliwanyamazisha wanaume waliokuwa wakipanga viti.

Mimi nilionyeshwa benchi la dada zake. Walisogea, nikapata nafasi mwishoni. Nafasi ya mjane iliachwa wazi, kwa sababu marehemu hakuwa ameoa. Hivyo ndivyo msomaji wa wasifu alivyosema: hakuwa ameoa. Akataja mama yake, akataja kaka, akataja dada kwa majina, na la mwisho lilikuwa langu. Kila aliyetajwa alisimama kidogo akaketi. Nilisimama, nikaketi.

Njiani kurudi, Mama alitembea mbele yangu. Leso ilikuwa mkononi, inaburuta vumbi, hakuikunja. Karibu na nyumbani alisimama ghafla.

"Nasambu."

"Ndiyo, Mama."

"Meno yananiuma."

Nilimpita, nikafungua mlango.

*

Siku hizi Omuse ndiye anayefunga magoli. Duka la vitenge sasa ni langu mwenyewe, na Mama yuko Bukhayo, anafuta viti vyake Jumamosi. Tunasalimiana vizuri.

Timu ikishinda, Wilkister huwasha mashine, nami huisikia kupitia ukuta. Wachezaji huja mlangoni na tope lao, mmoja wao ametangulia na koni.

"Shika, dada yake Ejoku."

Hakuna hata mmoja wao anayeweza kunioa, mimi ni dada yao. Huipokea, nikaila yote mpaka kwenye ncha ya chini, na yeye husimama mbele yangu akinisimulia goli.